Uniti moja ni madumu hamsini

Kila EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inapoitisha mkutano wa kupokea maoni kuhusu bei mpya za maji, hoja inayopigiwa makofi ni ile ile: bei isipande, mnyonge ataumia. Ni hoja yenye historia. Vijijini maji yaliwahi kuwa bure, hadi Sera ya Maji ya 1991 ilipoleta uchangiaji. Dar es Salaam nako wanaikumbuka City Water, kampuni binafsi iliyokabidhiwa huduma ya maji ya jiji mwaka 2003 kwa ahadi nzito, na Mei 2005 serikali ikavunja mkataba. Aliyewahi kulipia bomba linalokoroma hewa, ukimwambia aongeze hela ili huduma iwe nzuri, ana haki ya kuguna.

Ila mnyonge huyo tunayemtetea mkutanoni hana mita. Bei ya uniti ipande, ishuke, kwake haifiki.

Jirani yangu mmoja huku Kivule ni mama lishe. Maji ya kisima yaliyo karibu ni ya chumvi, wali hauivi vizuri na chai hainyweki, kwa hiyo ya kupikia ananunua maji baridi kwa mwenye mkokoteni. Kila dumu likishushwa anachora mstari wa mkaa nyuma ya mlango; Jumamosi wanahesabu pamoja, analipa, anafuta. Maji aliyooshea mchele hayamwagi, ndiyo anayoanzia kuoshea sufuria.

Tuhesabu naye. Madumu manane kwa siku, shilingi 200 kila moja, ni 1,600. Kwa mwezi ni 48,000. Maji yenyewe ni lita 160 kwa siku, yaani lita 4,800 kwa mwezi, hazifiki hata uniti tano. Uniti ni lita 1,000, madumu 50 ya lita 20; kwa hiyo yeye uniti moja anainunua shilingi 10,000. Tuseme mwenye bomba anailipia 2,000: maji yale yale yangemgharimu 9,600. Hata bei hiyo ikipanda kwa nusu nzima, ni 14,400. Kiangazi cha 2022, mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaanza, mwenye bomba alilalamika kukosa maji; asiye nalo alikosa pia, na dumu likapanda bei.

Kwenye bajeti za familia tunazozijadili, ongezeko la bili linaonekana kwa sababu bili ina karatasi. Mistari ya mkaa inafutwa kila Jumamosi. Ndiyo maana naona bei ya chini ya uniti, tunayoitetea kwa jina la maskini, kwa sehemu kubwa inamnufaisha mwenye bustani na simtanki mbili, huku mamlaka ya maji ikikosa fedha ya kusogeza bomba mtaa unaofuata.

Sisemi bei ipandishwe kisha tutazame. Maji yanayovuja njiani kabla ya kufika kwenye mita ni hasara ambayo mteja hapaswi kubebeshwa, na wanaodai hivyo wako sahihi kabisa. Lakini kwenye umeme tumeshaona pa kuweka ruzuku: mwanakijiji anaunganishiwa kwa shilingi 27,000, kisha ananunua LUKU yake kadiri ya mfuko. Kilichowashinda watu kilikuwa kuingiza umeme ndani. Kwenye maji kizuizi ni kile kile, bomba, viungio, fundi na mtaro wa kuchimba, vyote vinatakiwa kwa mkupuo na mtu anayeishi kwa mauzo ya siku.

Kwetu bomba kubwa limeishia kwenye kona ya msikiti. Mama lishe anasema akiruhusiwa kulipia maunganisho kidogo kidogo ndani ya bili, hata 20,000 kwa mwezi mwaka mzima, ataanza kesho. Ukijumlisha 20,000 hiyo na 14,400 ya bei iliyopandishwa, bado anabakiwa na 13,600 kwenye ile 48,000 anayomhesabia mwenye mkokoteni sasa hivi.