Mbu wa dengue tunamfuga wenyewe

Jumapili kwenye kikao cha mtaa tulimaliza karibu saa nzima tukilizungumzia gari la kupuliza dawa: litakuja lini, mbona mtaa wa pili wamepuliziwa na sisi bado. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nikafunua pipa letu la uani. Mwanga ulipoingia tu, viluwiluwi vilivyokuwa vimening'inia juu ya maji vikazama vyote kwa pamoja.

Pipa letu. Na wiki mbili kabla, mpwa wangu alikuwa hoi kwa dengue, macho yanamuuma kwa ndani, hata kusimama hawezi. Mama yake analia, "Mbona huyu mtoto analala kwenye chandarua kila siku?" Analala, dada yangu. Lakini mbu huyu mweusi mwenye madoa meupe miguuni anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Mtoto kaumwa akicheza barazani.

Dar tuliugua 2014, tukaugua tena 2019, na bado tunalaumu mtaro. Huyu hana haja na mtaro mchafu. Anataka maji masafi yaliyotulia: pipa, ndoo, kisahani cha chungu cha maua, kifuu, tairi la fundi pancha. Wala haruki mbali. Aliyekuuma kazaliwa kwako au kwa jirani.

Na kumwaga maji hakutoshi. Mayai anayabandika ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji, yanakaa makavu miezi kadhaa. Ukijaza tena, yanaanguliwa. Lazima usugue kwa brashi, ndani kote, kila wiki, maana kwa joto letu hili siku 7 hadi 10 zinatosha yai kuwa mbu. Dawa ya gari inaua wanaoruka siku hiyo, mayai inayaacha.

Najua, maji ni ya mgao, na anayeyapata mara mbili kwa wiki huwezi kumwambia asiweke pipa. Hilo wenye mamlaka watujibu. Lakini kipande cha chandarua chakavu kikikazwa kwa mpira mdomoni mwa pipa, kinatosha.

Halafu jamani, homa ambayo haijapimwa msiikimbilie na diklofenaki wala aspirini. Dengue inaweza kumtoa mtu damu. Parasetamoli, maji mengi, hospitali.

Fundi pancha wa pale kona kakubali tuyatoboe matairi yake mabovu yasituame maji. Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa pale. Njooni na brashi.