Koti la Mvua Ndani ya Sauna

Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kubishana jambo bila kuwekeana dau. Tumeshawekeana dau la mpira, la mvua, hata la mtoto gani atatangulia kusimama. Kwa hiyo siku alipokibishia hodi kitambi changu mbele za wageni, ngo ngo ngo, akauliza, "Shemeji, huyu anazaliwa lini?" jibu lilinitoka kabla sijalitafuna. Nikasema ndani ya wiki tatu nitakuwa nimepungua kuliko yeye.

Masharti yakapangwa palepale. Tupimwe kwa mizani ya bafuni kwangu, ile yenye tarakimu. Tupimwe siku hiyo, turudie Jumapili ya wiki ya tatu saa nane mchana. Atakayeshindwa atamwita mwenzake "Mheshimiwa" mwaka mzima, popote watakapokutana, hata msibani. Hilo la msibani aliliongeza yeye. Nikapanda mizani: 94.0. Zake sizitaji, ni siri ya familia, ila na yeye si unyoya.

Wiki ya kwanza nilikuwa najipanga. Wiki ya pili mvua ikanyesha, nikaenda kwake kuazima koti la mvua ili nisikose matembezi ya jioni. Akanipa bila kinyongo, koti la nailoni la bluu, lina kofia, lina zipu hadi kidevuni, lina lastiki mikononi na kiunoni. Akanieleza kwamba katika makoti yake yote hilo ndilo kipenzi chake. Nikalitundika nyuma ya mlango. Mvua ikakatika. Wiki ya tatu sikumbuki ilipitia mlango upi.

Jumapili saa moja asubuhi nikapanda mizani. 94.8.

Nikashuka, nikavua saa ya mkononi, nikapanda tena. 94.8. Wiki tatu za kupungua zilikuwa zimeniongezea gramu mia nane, na zilikuwa zimebaki saa saba.

Hapo ndipo sauna iliponijia akilini. Nilikuwa nafahamu kwamba mtu akikaa humo mkao mmoja mzuri anaweza kutoka jasho la nusu lita hivi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hayo ni masalia ya elimu yangu yote ya sayansi. Mikao mitatu, kilo moja na nusu. Nikashangaa kwa nini watu wazima wenye akili zao wanaamka alfajiri kukimbia. Kisha nikakumbuka mabondia huvaa mavazi ya nailoni wakitaka kutimiza uzito. Nikageuka, nikaliona koti la shemeji limetulia nyuma ya mlango kana kwamba lilikuwa linanisubiri.

Sauna yenyewe, kwa asiyewahi kuingia, ni kichumba cha mbao tupu. Benchi zimepangwa kama ngazi, tatu, na kwenye kona kuna jiko la umeme lililorundikwa mawe. Pembeni kuna ndoo ya mbao na kata. Themometa ya ukutani ilisoma nyuzi 85. Benchi la chini kabisa alikaa mzee mmoja, kajifunga taulo, katulia kama mtu anayesubiri barua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia kofia hadi magoti. "Mwanangu, humu ndani kunanyesha?"

Nikacheka kwa adabu, nikapanda benchi la juu. Hewa ya moto hupaa, kwa hiyo nilijua bidhaa nzuri iko huko. Nikafunga zipu hadi kidevuni.

Dakika tatu za mwanzo nilijiona mjanja. Dakika ya tano nikaanza kuzisikia pua zangu kwa ndani, kila pumzi inaingia kama imetoka kwenye pasi. Ulimi wa zipu, ambao ni wa chuma, ulikuwa umeshapata moto, na kila nikiinamisha kichwa unanigusa chini ya kidevu, tsi! Ikabidi nikae nimeinua uso juu kama mtu anayesifiwa. Jasho likaanza kushuka mgongoni, halina pa kwenda. Lastiki ya kiunoni ilikuwa imebana barabara, za mikononi vilevile. Nikiinua mkono maji yanateremka hadi kwapani, nikiushusha yanarudi kwenye kiganja, chubwi. Nilikuwa nimegeuka kiriba.

Mzee akachota kata moja ya maji akayamwaga juu ya mawe. Yakalia shaa, halafu kimya. Mvuke wenyewe huuoni. Wafini, wenye mambo haya, wanauita löyly. Ulipaa taratibu hadi darini, ukageuka, ukanishukia masikioni. Nikatoa sauti ambayo mwanamume hatakiwi kuitoa mbele ya mzee.

"Unatafuta nini hasa huko juu?" akauliza.

Nikamweleza dau lote. Akanyamaza, kisha akasema alikuwa mwalimu wa kemia kwa miaka mingi. Moyo ukanizama. Nina historia na walimu wa kemia.

"Mafuta ya mwilini hayatoki kwa jasho, mwanangu. Yanatoka puani."

Nikajua joto limeshampanda kichwani. Lakini aliendelea kwa utulivu uleule, kama yuko ubaoni. Alisema mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia walipiga hesabu ya atomi. Mwili ukiunguza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya ukaa, kwa kupumua, na 1.6 zinageuka maji. Ila ili yaungue lazima kuwe na kazi ya kuyaunguza. "Kilo moja ya mafuta ni kilokalori kama 7,700. Mtu mzima anatumia elfu mbili na kitu kwa siku nzima. Wewe umekaa hapo dakika kumi. Jasho lako ni maji na chumvi."

"Lakini moyo unanienda mbio, mzee. Si ni mazoezi hayo?"

"Moyo unakimbia kupeleka damu kwenye ngozi ikapoe. Anayefanya mazoezi ni moyo peke yake. Wewe umekaa."

Nikatoka kupoa kidogo bila kuvua koti, nikarudi. Mkao wa pili. Mzee naye alikuwa ametoka, ameoga maji baridi, amekunywa maji, amerudi anang'aa. Mimi maji sikuyagusa, maana kunywa maji ingekuwa kujirudishia kwa mdomo nilichokitoa kwa taabu. Akalitazama tena koti, akatikisa kichwa. Akanisimulia kwamba mwaka 1997, huko Marekani, wanafunzi watatu wa vyuo, wacheza mieleka, walifariki ndani ya kipindi cha mwezi mmoja na kidogo wakijikamua maji ili watimize uzito wa pambano. Baada ya hapo mavazi yasiyopitisha hewa na vyumba vya joto vikapigwa marufuku katika mieleka ya vyuo. "Jasho linapoza mwili pale linapokauka," akasema. "Humo ndani ya nailoni litakaukia wapi?"

Swali zuri, ila kwa wakati huo nilikuwa nashughulika na jambo jingine: themometa ilikuwa imeanza kuwa mbili.

Kwenye mkao wa tatu mzee, bila kuombwa, alinipeleka Ufini. Nchi ya watu milioni tano na nusu, sauna zinakaribia milioni tatu, na mwaka 2020 UNESCO ikauingiza utamaduni wao wa sauna kwenye orodha ya urithi usioshikika. Nikawaza kwamba kama sauna ingekuwa inakondesha, nchi nzima ingekuwa imeshapeperushwa na upepo. Halafu akafika Heinola, mji waliokuwa wanafanyia mashindano ya dunia ya kukaa kwenye sauna, yaliyoanza mwaka 1999. Nyuzi 110, na kila nusu dakika nusu lita ya maji inamwagwa kwenye mawe. Mwaka 2010, fainali, wakabaki Mfini na Mrusi. Hakuna aliyetaka kutangulia kutoka. Wakatolewa wote wawili wameungua, Mrusi akafariki, na mashindano hayakufanyika tena.

"Nao walikuwa wanashindania nini, mzee?" nikauliza, ulimi umenata.

"Ushindi tu."

Nikafikiria "Mheshimiwa". Nikasimama nitoke.

Sasa, joto hupanua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi, na ukisimama ghafla damu inachelewa kupanda kichwani. Haya nayajua leo. Siku ile nilichojua ni kwamba mlango ulisogea kushoto. Mzee akanidaka kiwiko, mkono wa koti ukabinyika, na maji ya moto yakamrukia usoni. Hakusema kitu. Alijipangusa tu, kama mwalimu aliyetemewa mate na wanafunzi kwa miaka thelathini.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na mizani. Nikaiendea moja kwa moja, na koti langu mwilini, naburuta miguu kama bibi harusi. 95.2.

Nikaitazama ile tarakimu muda mrefu. Nimekaa motoni mara tatu, nimeongezeka. Ikanichukua dakika nzima kuelewa kwamba jasho halikuwa limekwenda popote: nilikuwa nimelivaa, na koti juu yake.

Nikashika zipu. Ikateremka vidole viwili, ikang'ata kitambaa, ikagoma. Nikaivuta juu, ikagoma. Nikaibembeleza. Nikaitukana. Nikaamua kulivulia kichwani kama fulana, na hilo ndilo kosa ninaloliota mpaka leo, kwa sababu lastiki ya kiunoni ilifika kifuani ikakaza, mikono yote miwili ikabaki imenyooka juu, kofia ikanifunika macho, na maji yote ya kiunoni yakateremka usoni kwangu. Nikaanza kuzunguka gizani. Nikagonga makabati. Nikagonga benchi. Nikagonga kitu laini ambacho kiliniomba radhi.

"Mzee, tulia hapohapo," ikasema sauti ya kijana wa mapokezi. Nina miaka arobaini na moja. Aliniita mzee, na nikatulia.

Wakashauriana yeye na mwalimu wa kemia, juu yangu, kama mafundi juu ya gari la mtu asiyekuwepo. Nikasikia neno "mkasi". Nikajaribu kusema kwamba koti si langu, lakini mdomo wangu ulikuwa ndani ya kofia. Mkasi ukaingia kiunoni ukapanda hadi shingoni, krrr, na maji yakaanguka sakafuni kwa mpigo mmoja. Kijana akaruka nyuma. Mwalimu akayatazama yale maji akasema polepole, "Lita moja na kidogo." Jicho la kazi halizeeki.

Mizani ikasoma 93.6. Nikapiga ngumi hewani nikaketi sakafuni.

Nilifika nyumbani saa saba na nusu. Kichwa kinagonga, midomo imekauka, koti kwenye mfuko wa plastiki limekunjwa vipande viwili. Ilibaki nusu saa tu nisinywe kitu. Shemeji alikuwa ameshafika, ameketi sebuleni karibu na mizani. Nikainama kuvua viatu. Nikainuka. Damu ikachelewa tena.

Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye kochi, miguu imewekwa juu ya mito, na mke wangu ameniinamia na glasi.

"Baba watoto, kunywa."

"Saa ngapi?"

"Kunywa kwanza."

"Nitakunywa saa nane na dakika tano."

Alinitazama jicho ambalo wenye ndoa wanalijua. Nikanywa. Robo lita, gramu mia mbili hamsini: 93.85. Glasi ya pili aliileta shemeji mwenyewe, akaninyanyua kichwa kwa upole ambao hajawahi kunionyesha tangu nioe dada yake. "Afya kwanza, shemeji," akasema. 94.1. Ya tatu akaitia chumvi kidogo na sukari, maana alikuwa na huruma sana siku hiyo. Ya nne niliiomba mwenyewe. Mwili ulikuwa umeshajitenga na mimi kwenye dau lile. Ya tano sikumbuki nani aliileta.

Saa nane kamili wakanishika mikono, huku mmoja huku mmoja, wakanipandisha. 94.9.

Shemeji akapanda baada yangu. Alikuwa amepungua gramu mia nne. Nikamuuliza amefanyaje, akasema hakufanya kitu, siku hizi anashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani anamalizia kwa miguu. "Na nimenyoa," akaongeza, akijipapasa kichwa.

Nje mawingu yalikuwa yamejikusanya. Akachungulia dirishani, akachukua funguo zake, akasimama mlangoni akitazama ule msumari mtupu nyuma ya mlango.

"Hivi, koti langu la mvua liko wapi?"

Nikavuta pumzi ndefu, nikaitoa taratibu, ambayo kwa mujibu wa mwalimu ilitoka na mafuta kidogo.

"Mheshimiwa," nikaanza.