Jarida la Wanawake Lilishwe na Nani?

Kila yanapozuka mazungumzo ya kuanzisha jarida la wanawake hapa Mombasa, la kuandika urithi, talaka na mishahara bila kuzungukazunguka, swali moja huwagawa watu: lichukue matangazo ya biashara au lisichukue? Wanaokataa hulitaja Ms., jarida la wanawake la Marekani, na wana haki.

Ms. ilitoka kwanza Desemba 1971, ikiwa ndani ya jarida la New York. Toleo lake la kujitegemea, mapema 1972, lilichapwa nakala 300,000 zikaisha kwa siku 8. Wasomaji walikuwepo. Tabu ilikuwa kwa wenye matangazo, waliozoea majarida ya kina mama yawaandikie makala ya urembo na mapishi kando ya bidhaa zao. Ms. ilipoweka kwenye jalada wanawake waliofukuzwa Muungano wa Sovieti kwa kutetea haki za wanawake wenzao, Revlon ilikataa kutangaza, kwa kuwa nyuso zile hazikupakwa vipodozi. Watu wametolewa nchini mwao, na kinachotazamwa ni midomo isiyo na rangi! Mwaka 1990, chini ya mhariri Robin Morgan, jarida likayaacha matangazo hayo, na Gloria Steinem, mmoja wa waasisi, akayaanika yote kwa maandishi.

Hoja hiyo ni nzito. Ila wanaoitoa huishia hapo. Jarida lisilo na matangazo lilimgharimu msomaji zaidi, na tangu 2001 Ms. inatolewa na wakfu wa Feminist Majority. Huku kwetu, jarida la Sauti ya Siti, lililobeba jina la mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, lilikuwa na TAMWA nyuma yake, chama cha wanahabari wanawake Tanzania kilichoundwa 1987. Asiyekuwa na wakfu wala chama afanyeje? Spare Rib, jarida la wanawake la Uingereza lililoanza 1972, lilifungwa 1993. Na mama anayekaanga viazi karai Mwembe Tayari hawezi kubebeshwa gharama yote ya uchapaji. Hatalinunua, na jarida litabaki la wenye nazo.

Tena pesa ya biashara si lazima ifunge mdomo. Leso za Biashara Street zimeuzwa miaka na miaka na wafanyabiashara wanaotafuta faida, na bado majina yake, yale maneno yaliyochapwa juu yake, ndiyo kina mama wanayosemezana: kupendana, kuonyana, kujibizana na jirani bila kufungua kinywa.

Mimi nasema lichukue, lakini kwa wengi wadogo: mafundi cherehani, wauza madira, maduka ya dawa, shule za chekechea. Mmoja akinuna na kuondoka, toleo litoke vilevile. Asiuziwe mtu zaidi ya ukurasa mmoja, na asichaguliwe makala ya kukaa kando ya tangazo lake. Hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla ya shilingi ya kwanza kupokewa, maana mhariri mwenye deni la mpiga chapa hana nguvu ya kubishana.