Mada ya Kesho

Mimi ni mtu wa misumari. Nauza misumari, mabati, bawaba na saruji pale Tabata, mwaka wa kumi na tisa sasa, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kama najua kupiga picha. Sasa nielezeni nilifikaje katikati ya stendi ya Msamvu, Morogoro, nimechuchumaa, shati limechomoka kwenye suruali, nawinda picha ya muuza mayai.

Chanzo ni binti yangu wa kwanza. Yeye na wenzake wana kundi la WhatsApp, wanaita chalenji: siku 30, picha moja kila siku, na kila siku ina mada yake. Akaniingiza bila kuniuliza, eti baba umezidi kukaa dukani, macho yako yanajua bati tu. Nikasema haya, picha moja kwa siku ni kitu gani, hata mswaki napiga mara mbili.

Masharti yao: picha ipigwe siku hiyohiyo, usilete ya mwaka jana, usiazime ya jirani, na itumwe kabla ya saa 12:00. Siku ya kwanza nikafunga duka mapema, nikamwacha mteja wa mifuko 20 ya saruji amesimama nje, nikatuma picha saa kumi na moja na nusu jioni huku natweta. Kumbe saa 12:00 yao ni saa sita ya usiku! Nikamuuliza, mwanangu, wewe ni mtoto wa Ilala, saa sita unaiitaje kumi na mbili? Akasema ndivyo simu inavyoandika, baba. Simu! Imenunuliwa Kariakoo, inachajiwa kwa umeme wangu, na saa za Kiswahili haizijui.

Siku saba za kwanza nilizimaliza bila kutoka dukani. "Duara" nikapiga kopo la rangi. "Mstari" nikapiga nondo. "Bluu" nikapiga turubai. Nikaanza hata kujiona nina kipaji. Ndipo ikaja safari.

Mtoto wa marehemu kaka yangu kapata mchumba Iringa, na mimi baba mdogo ndiye baba, kwa hiyo mahari siwezi kuituma kwa simu. Tukafunga safari wanne: mimi, shemeji yangu, shangazi wa kijana, na mshenga. Mshenga wetu ni mzee mwenye heshima zake, fimbo haimtoki mkononi, na balaghashia nadhani analala nayo. Binti yangu alifurahi kuliko bwana harusi. "Baba, safari ndiyo penyewe! Utapata picha kali." Mada ya Alhamisi ikawa "Mwendo".

Nikajisemea hii ya bure kabisa. Basi linatoka Mbezi alfajiri, hadi Iringa ni karibu kilomita 500, kuna nini humo zaidi ya mwendo? Nikapiga Kibaha, nikapiga Chalinze. Zote zikatoka kama uji wa ulezi. Nikazituma hivyohivyo, na dada mmoja anayejiita mratibu, hana huruma yule, akaandika kwamba mwendo si kila kitu kitikisike. Kitu kimoja kiende, vingine vitulie. La sivyo uifuatishe simu na kile kinachokwenda, chenyewe kitatoka safi, nyuma yake ndiyo pavurugike. Maelezo mazuri sana. Ila kayaandika akiwa kwenye kochi.

Basi tukafika Msamvu. Basi limesimama, wanaokwenda ni wauzaji: maji, korosho, mikate, mayai. Nikamwona kijana anakimbilia basi jingine, ndoo ya mayai begani, kachumbari mkononi, miguu haigusi chini. Nikachuchumaa. Simu ikamfuata vizuri, taratibu, kama nilivyoelekezwa. Kijana akaniona.

Akasimama.

Akaiteremsha ndoo, akajifuta jasho, akabana mikono mbavuni, kidevu juu, macho hayapepesi. Ndugu zangu, hivi nani alitufundisha hivi? Mtu anacheka, anatembea, anarusha mikono, ukimwelekezea kamera tu anakauka kama bendera inapandishwa. Mimi nasema ni studio. Sisi tulipigwa picha mara moja kwa mwaka, sikukuu, mbele ya pazia lililochorwa maua na bata, na mpiga picha anakwambia usipumue. Filamu ina picha 36, wewe umelipia moja, ukipepesa jicho hela imekwenda. Woga ule tumewarithisha hadi hawa waliozaliwa na simu mkononi.

"Nipige vizuri, mzee," akaniambia bila kufungua midomo.

Nikamwambia kimbia.

"Nikimbilie wapi?"

Kimbia tu, kama mwanzo.

"Kwa hiyo hununui?"

Nikanunua mayai mawili ili akimbie. Akapokea hela, akashukuru, akaondoka anatembea mdogomdogo kama anakwenda kuoga, maana haraka yake yote ilikuwa ya kutafuta hela, na hela ameipata.

Nikajipa moyo kwamba mbele kuna Mikumi. Kwa ajili ya Mikumi nilikata tiketi siku tatu kabla, siti ya dirishani, upande ambao hauna jua. Sasa tunakaribia hifadhi, nimefuta kioo kwa leso, mama mmoja kaniinamia: "Samahani baba, mtoto anataka kutapika, naomba akae hapo dirishani." Hilo ni ombi ambalo hata hakimu anapisha. Nikapisha. Mtoto akakaa, akashika kioo, macho nje. Hakutapika. Hakutapika hadi tunashuka Iringa.

Pale Mikumi barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kama kilomita 50, na dereva anapunguza mwendo kwa sababu kuna vibao vya faini ya mnyama utakayemgonga, kila mnyama na bei yake, kama rafu za dukani kwangu. Mara basi zima "tembo, tembo!" Nikapitisha mkono juu ya kichwa cha yule mtoto, nikabonyeza mara kumi na nne. Simu ikajiamulia yenyewe cha kutazama. Nina picha kumi na nne za kibandiko cha VUNJA KIOO WAKATI WA DHARURA. Kimetoka, sikufichi! Hata nzi aliyekauka juu ya herufi D unaweza kumhesabu miguu. Nyuma kuna kitu cha kijivu. Shemeji anasema ni tembo. Mimi nasema ni mlima.

Mwishowe nilichotuma ni foleni ya wanaume Ruaha Mbuyuni, wanarudi kutoka kuchimba dawa nyuma ya mibuyu, wanakimbia kwa sababu dereva kapiga honi, mmoja anafunga mkanda. Mibuyu imetulia, watu wanakwenda. Masharti yote yametimia. Dada mratibu hakujibu kitu. Mlima Kitonga niliupanda nimefumba macho, na hiyo haihusiani na picha.

Ijumaa mada ilikuwa "Kale". Nikadamka kwenda Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, nikijua hapo hakuna wa kunizidi. Fuvu la mtu aliyewachapa Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, wakaja kulibeba hadi kwao, likarudi nyumbani mwaka 1954. Nikasimama mbele ya kioo, simu mkononi. Nikashindwa. Mtu alijipiga risasi mwenyewe kuliko wamshike, halafu mimi wa Tabata nimshike kwenye simu, ili dada wa kwenye kochi aniwekee dole gumba? Nikaizima, nikatoka kimyakimya.

Sasa jioni imefika na picha sina. Binti yangu alishaniambia jua la saa sita mchana halifai, linapiga kutoka utosini, kivuli kinakaa chini ya macho na kila mtu anaonekana kama anadaiwa. Ningoje jua la jioni linalokuja kwa pembeni, na niwahi, kwa sababu huku kwetu jua likianza kuzama halina mjadala, ukigeuka kuchukua miwani ni usiku. Nikatoka barazani saa kumi na moja na nusu. Mshenga amesinzia kwenye kiti, viganja viwili juu ya fimbo, jua limemlalia shavu moja, kila kunjo la uso linaonekana. Nikabonyeza mara moja tu. Nikatuma.

Watu 41 wakapenda! Kundi likalipuka. Nilikaa nusu saa nzima nikiwa msanii.

Aliyeniponza ni shemeji. Akamfuata mzee chumbani: "Mzee, umekuwa maarufu," akampa simu. Mshenga akavaa miwani. Akatazama picha, akatabasamu kidogo. Kisha akasoma juu yake: MADA YA LEO: KITU CHA KALE. Akasoma tena. Akavua miwani, akaikunja, akarudisha simu kwa mikono miwili, kwa adabu ambayo ilinitisha. Usiku ule aliacha nyama kwenye sahani.

Mimi usingizi haukuja. Nikawa nasikia mzee anavyoguna ukuta wa pili, nasoma sifa zangu kundini, meseji juu ya meseji, hadi saa sita na dakika nne ikaingia ya binti yangu: "Mada ya kesho: Mikono." Nikasema sawa. Nikalala.

Jumamosi tukaenda ukweni. Kamwene, kamwene, tukakaribishwa, na mlangoni palepale tukapigwa faini ya kuchelewa, elfu hamsini. Hapo ndipo nilipoona kazi ya mshenga. Alizungumza kwa mafumbo, akakohoa panapotakiwa kukohoa, akamsifu mama mwenye nyumba, elfu hamsini ikashuka hadi elfu kumi na kila mtu anacheka. Nikasema huyu mzee ni wakili kamili. Sisi wengine sheria ni moja, kukaa kimya na kutazama chini.

Nikatazama chini, na chini, juu ya meza, ndipo ilipokuwa mikono. Babu wa bibi harusi ndiye mhesabuji. Mikono ya mkulima wa mahindi, ngozi ya viganja imepasuka vijistari kama udongo wa kiangazi, kucha ya dole gumba la kulia nyeusi, bila shaka iliwahi kukutana na nyundo (hizo kucha nazijua, wateja wangu wote wanazo). Analamba dole, anageuza noti ya elfu kumi, anaipapasa kona, anaisukuma kushoto. Analamba, anageuza. Mwanga unaingia dirishani kwa pembeni, vilevile kama binti yangu anavyotaka. Nikaitoa simu polepole, nikaiegemeza gotini, nani ataniona?

Nilisahau kwamba jana ndani ya makumbusho palikuwa na giza, nikaiweka taa ya kamera ijiwashe yenyewe pasipo na jua. Sebule nzima ikamulikwa kama radi. Na mlio ukafuata: kachaa.

Babu akabaki na dole gumba mdomoni. Hakuna aliyepumua. Jikoni mtu aliangusha mwiko, tukausikia ukimaliza kucheza.

Wazee wa upande wa pili wakatoka nje kushauriana. Wakarudi: elfu hamsini kwa kuwamulika wazee, na babu aanze kuhesabu upya. Nikamtazama mshenga wangu. Wakili. Akakohoa, akasimama, akajiegemeza kwenye fimbo.

"Wazee wangu," akasema, "mmesema kweli tupu. Kijana huyu ana tabia hiyo."

Kijana! Nina miaka 57.

"Hata mimi jana," akaendelea, "alinipiga nikiwa nimelala."

Wazee wakatazamana, wakatoka tena nje. Waliporudi ilikuwa elfu sabini.

Nililipa. Shemeji ananisonya, shangazi wa kijana ananifinya paja. Lakini jamani, ile picha! Dole gumba liko hewani, mate yanang'aa kwenye ile kucha nyeusi, noti imesimama nusu. Sijawahi kupiga kitu kama kile na sidhani kama nitapiga tena. Bando langu lilikuwa limekata, nikamwomba shemeji aniunganishe na lake, akanitoza soda. Nikatuma saa tatu usiku, muda upo tele.

Binti yangu akajibu: "Baba, nzuri mno! Lakini mikono ni kesho."

Nikampigia. Kesho gani? Si uliandika mwenyewe jana? Akasema mada ya Jumamosi aliitangaza Ijumaa saa mbili usiku, ilizama chini ya zile meseji za kunisifu. Ya mikono aliituma mapema, na ilipofika saa sita na dakika nne ilikuwa Jumamosi tayari, kwa hiyo kesho ni Jumapili. Nikamwambia mwanangu, kesho inakuja mtu akishalala. Mimi nilikuwa sijalala! Kama sijalala, ile ilikuwa bado Ijumaa, waulize watu wazima wote. Akasema simu, baba, simu inabadilisha siku saa sita. Nikauliza basi mada ya leo ilikuwa nini.

"Ukimya."

Nikaikumbuka ile sebule. Dole gumba mdomoni, mwiko unacheza jikoni. Ukimya wa elfu sabini, na simu nilikuwa nayo mkononi.

Picha ya jana hairuhusiwi leo, masharti ni masharti. Kwa hiyo ninavyowaandikia niko ndani ya basi, tunarudi Dar, na hadi saa sita ya usiku natakiwa mikono mingine. Siti ya dirishani kakaa mshenga. Viganja vyote viwili viko juu ya fimbo, mishipa imetuna, jua la asubuhi linaingia kwa pembeni, na taa ya kamera nimeizima, nimehakikisha mara tatu.

Nikaitoa simu polepole.

Mzee hakugeuka. Aliivuta mikono yote miwili, akaiingiza ndani ya koti, akafunga vifungo.