Nani Amlipe Mwenye Paa?

Usiku mmoja wa kaskazi moto ulizuka nyuma ya mtaa wetu hapa Lamu. Gari la zimamoto halina njia katika vichochoro hivi. Punda wawili wenye shehena wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Tukajipanga mstari hadi kisimani, ndoo zikapokezanwa, lakini makuti makavu hayangoji ndoo. Cheche ziliruka paa hadi paa. Mzee mmoja akapaza sauti: ng'oeni lile paa la katikati! Paa lenyewe lilikuwa zima, halijashika moto, na mwenyewe amesimama mlangoni akikataa kata kata. Vijana walipanda, wakaling'oa. Moto ukafika pale, ukakosa pa kupita.

Kila nikisikia watu barazani wakibishana serikali ni ya nini, paa lile hunijia. Kuchota maji tuliweza bila amri ya mtu. Tulichoshindwa ni kumwambia jirani kwamba hasara yake ndiyo usalama wetu, kisha neno hilo likafuatwa. Nadhani hapo ndipo serikali inapoanzia.

Wapo wasemao watu huiunda kwa hiari, kwa kuhitajiana. Wengine husema mwenye upanga huja kwanza, sababu zikatafutwa baadaye. Historia ya Lamu inawapa wote wawili ushahidi. Zamani, kwa masimulizi ya wazee, mji ulikuwa na pande mbili, Zena na Suudi, zikipokezana uongozi, na mashauri yakiamuliwa Yumbe, jumba la baraza la mji. Hakuna aliyewaletea utaratibu huo kwa mizinga. Kisha, mnamo 1812 au 1813, watu wa kisiwa jirani cha Pate na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wakaja na majeshi yao, wakapigwa vibaya ufukweni Shela, kijiji cha kisiwani humu. Ushindi wenyewe ukawatia watu wa Lamu hofu: je, wakirudi? Wakamwendea Seyyid Said wa Oman kuomba ulinzi. Akakubali, akaleta liwali, yaani gavana wake, na askari. Ngome iliyo pale Mkunguni ilikamilika katika miaka ya 1820 hivi. Mlinzi waliyemwita wenyewe hakuondoka tena, na mji uliokuwa ukijiamulia ukaanza kuamuliwa. Ngome yenyewe, wakati wa Waingereza, ikageuzwa gereza, ikabaki hivyo hadi 1984.

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema serikali nzuri ni ile yenye nguvu, basi. Nguvu tumeziona. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huko bara ya Lamu, mwaka 2014, wavuvi walizuiwa kuvua usiku, na zuio likadumu miaka. Sitaki kumdharau aliyelitoa: watu walikuwa wamechinjwa, na bahari usiku haionyeshi nani mvuvi na nani muuaji. Lakini samaki wengine ni wa usiku. Mwenye mashua aliyekaa nyumbani miezi na miezi alikuwa ameng'olewa paa kama yule jirani yetu, tena bila kuambiwa litaezekwa lini.

Je, serikali ya karibu ndiyo dawa? Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa lazima ziende huko. Faida zake hazibishwi na mtu aliyewahi kupanda basi hadi Nairobi kufuata karatasi moja. Leo ofisini unamkuta mtu anayejua Kizingitini iko wapi na maji ya Shela hutoka visima gani. Ila karibu kuna ladha yake nyingine. Anayegawa kazi ni mkwe wa fulani, na kumlalamikia ni kuharibu harusi ya wiki ijayo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga; kweli, lakini bado linakula.

Kilichonifanya niache kupima serikali kwa ukubwa au ukaribu ni kesi ya bandari. Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na nchi zao. Baadaye bahari ya Manda ikachimbwa kupitisha meli kubwa, na matope yakafunika mahali watu walipozoea kutega. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka huohuo wa 2012. Aprili 2018 Mahakama Kuu ikasema hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, baraza linaloamua kesi za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, nako kwa sababu ya kutoshirikisha wananchi.

Wapo wanaoona haya kuwa udhaifu: nchi inataka bandari, nyinyi mnaileta kesi ya nyavu! Hoja hii ina uzito. Bandari ilichelewa, gati la kwanza likafunguliwa 2021, na kijana anayetafuta kazi hawezi kula hukumu. Lakini kwangu mimi, serikali iliyoshitakiwa na mvuvi, ikashindwa, kisha ikaendelea kuwa serikali, ina nguvu kuliko ile isiyoulizwa. Kasoro ni kwamba hukumu ilikuja upesi kuliko pesa. Miaka ikapita watu wakiuliza orodha iko kwa nani, nani kaandikwa mara mbili, nani kaachwa. Na mvuvi aliyefariki katikati, fungu lake likawa ugomvi wa warithi.

Asubuhi baada ya ule moto, mwenye paa alikuja barazani na ukuti mmoja ulioungua ncha, akauweka chini katikati yetu. Hakulaumu. Aliuliza tu bei ya makuti sasa ni kiasi gani. Tulichanga siku ile, zikapatikana za nusu ya paa. Nusu nyingine tulisema tutaiangalia mwisho wa mwezi, na mvua za masika zilimkuta na turubai.