Nimesema Natembea Tu

Hapa Tanga ukipanda baiskeli bila sababu, watu wanaanza kukuombea dua. Na si kwamba baiskeli hawaijui. Mji huu tunaendesha wake kwa waume; mama na baibui lake anakupita Barabara ya 12, ndoo kaifunga kwenye keria, mtoto kampakia mbele, wala hageuzi shingo. Baiskeli inakwenda sokoni, inakwenda kazini, inakwenda madrasa, inakwenda mazikoni. Lakini baiskeli inayokwenda mashambani kuyatazama mashamba kisha ikarudi, hiyo ina jambo.

Mimi Jumamosi zangu nimezipanga hivyo. Nakunywa chai na boflo langu, nashika barabara ya Pangani, mdogo mdogo, Mwambani, Tongoni, ikinipendeza nafika Kigombe, nageuza. Sishindani na mtu. Kitambi sikifukuzi, tumezoeana. Nataka kuiona minazi, mihogo, watu wakilima, basi. Sasa hebu waeleze hilo majirani.

"Safari ya wapi?"

"Natembea tu."

"Unakwenda kwa nani?"

"Si kwa mtu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

Mtu ananyamaza. Ananitazama toka kofia mpaka kandambili, halafu anamfuata mke wangu kumuuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Haukupita muda nikawa nimeshaoa Kigombe. Mke mwenyewe sijawahi kumtia machoni, ila nasikia ni mrefu, anauza maandazi, na ana mimba. Mke wangu wa humu ndani alipoletewa habari alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu? Nani amuozeshe bintiye, na baiskeli ile?" Nikashukuru kwamba naaminiwa. Lakini ile sababu haikunipendeza.

Walipochoka na ndoa wakahamia kwenye maagizo, na hapa ndipo wanaponiua. "Maadamu unapita Kigombe, niletee dagaa." "Maadamu hujabeba kitu, mfikishie shangazi mfuko huu." Hujabeba kitu! Ndugu zangu, kutobeba kitu ndiyo safari yenyewe! Lakini mtaa wetu ukiona keria tupu inapita, unaumia kana kwamba namwaga wali jalalani. Nimeshabeba chaja ya simu, nimeshabeba kadi za harusi, nimeshabeba jogoo. Jogoo yule kila lori likipiga honi na yeye anajibu, mpaka Mwambani nzima wakajua napita.

Kijana wangu alinionyesha kwenye simu wenzetu wa Ubelgiji na Uholanzi, nchi tambarare, mashamba mpaka upeo wa macho. Kule kila njia za baiskeli zinapokutana pana kibao chenye namba. Asubuhi unaandika namba zako kwenye kikaratasi, unatoka hii unaifuata ile, unapita ng'ombe, unapita mifereji, wazee wa miaka 70 wanakanyaga mdogo mdogo mume na mke, na hakuna anayewauliza nani kafa. Namba na sisi tunazo. Ngamiani yote tumepangiwa, Barabara ya 1 mpaka ya 21, nani asiyejua. Ila zinaishia hapo hapo. Ukishatoka mjini unaelekezwa kwa mwembe: "Ukifika kwenye mwembe, kata kushoto." Mkoa huu una miembe mingapi? Upo mmoja ulishakatwa zamani, bado unaelekeza watu.

Halafu asiyeendesha baiskeli akisikia tambarare anadhani ni raha. Afadhali mlima! Mlima una upande wa pili. Utapanda kwa jasho, lakini kuna mahali utashuka miguu imetulia huku ukipiga mluzi. Tambarare haina mluzi. Unakanyaga kwenda, unakanyaga kurudi, ukiacha kukanyaga umesimama. Na ukiwa umeshakubali hali yako, linakuja kusi. Miezi ya katikati ya mwaka upepo wote unatoka kusini, na Pangani iko wapi? Kusini. Basi kwenda ninapokea upepo kifuani, shati limejaa, nakanyaga na sisogei, bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani ananipita na kunisalimu. Namwamkia. Anaitikia akiwa mbele.

Ukikaribia Kigombe unaingia kwenye mkonge. Sikatai, unapendeza. Mistari imenyooka mpaka macho yanachoka kuifuata. Lakini kivuli? Thubutu. Mmea unakaa shambani miaka 10 na zaidi, unatoa mlingoti wake wa maua mara moja tu maishani, unakufa, na muda wote huo haujamfunika binadamu hata utosi. Tumefundishwa kwamba yule Mjerumani, Hindorf, mwaka 1893 aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai huku kwetu ni 62. Watu wanamsifu, na kweli, kutokana na hiyo 62 tukaja kuwa wakubwa wa mkonge duniani, kamba zetu zikafunga mizigo ya mataifa. Mimi nina swali moja tu kwake. Katika nafasi ya ile miche 938 iliyokufa njiani, ulishindwa kuchomeka hata mkwaju mmoja?

Sasa safari hii iliyopita nimegeuza hapo hapo mkongeni, dagaa za watu ziko nyuma, lile kusi limenishika mgongoni kama nilivyoahidiwa. Nikaanza hata kutabasamu. Tairi la nyuma likasema fyuuu. Mwiba. Upepo niliouvumilia tangu asubuhi ukanikuta natembea kwa miguu, nimeshika usukani, unanisukuma mimi na kandambili zangu.

Na njiani kila mtu anataka ripoti.

"Pancha?"

"Pancha."

"Pole. Hukubeba pampu?"

Pampu ya nini, tyubu imetoboka! Lakini unajibu kwa adabu, maana mwingine ni mtu mzima, ushamwamkia.

Tongoni nikampata fundi chini ya mkorosho, na beseni lake la maji na solusheni yake. Akaitoa tyubu, akaizamisha, akatazama mapovu, akaiinua, akaigeuza. Fundi akinyamaza ujue hela inakutoka. "Mzee," akasema, "hapa sioni pa kubandika. Hii siyo tyubu yenye viraka, hivi ni viraka vyenye tyubu."

Pembeni kuna babu amekaa, ndiye huwaonyesha wageni ule msikiti wa kale na makaburi yake. Akaona nimenuna, akanifariji. Akasema usijali mwanangu, hata Vasco da Gama chombo kilimsumbua maji ya huku huku. Mwaka 1498 meli yake moja, São Rafael, ilipanda fungu la mchanga, wakainasua. Mwaka uliofuata akarudi nayo kutoka India, mabaharia wengi wamekwisha kwa maradhi, waliobaki hawatoshi kuziendesha meli zote.

Fundi akauliza, "Akaipeleka kwa nani?"

"Kwa nani wapi? Akaichoma moto."

Fundi akanitazama mimi. Akaitazama baiskeli yangu, keria, usukani, mpaka kengele.

"Mreno alikuwa na akili," akasema, akaendelea kupiga msasa.

Nimefika nyumbani magharibi inaadhiniwa. Jirani yuko mlangoni ananisubiri, si mimi, mfuko. Kaufungua, kachungulia. "Mbona wadogo?" Dagaa hao! Ningekuta wakubwa ningekuletea papa. Chenji yake akaihesabu mara mbili, kisha akaniambia pole ya safari, mtu ambaye sikusafiri.

Nikajua yamekwisha. Kuingia ndani namkuta mama mkwe kakaa mkekani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nasikia Jumamosi hizi unatembea tu."

"Ndiyo mama."

"Vizuri, mwili unahitaji. Sasa lipo godoro la shemeji yako, kaliacha Pangani. Na Pangani, ukishafika Kigombe, si hapo mbele tu?"

Kwa mama mkwe hakuna maadamu, kuna ndiyo. Kamba ya kulifungia nimeshanunua. Ya mkonge.