Anza na wati, kadi ya grafiki itafuata

Kijana akishapata fedha ya kuunda kompyuta ya gemu, swali la kwanza analowauliza wenzake ni kadi gani ya grafiki, kile kipande kinachochora picha za gemu, anunue. Hapo ubishi wa kampuni za NVIDIA na AMD unaanza, unakesha, na mwenye fedha anaondoka na orodha iliyopangwa na mtu anayeishi Marekani. Kwa mtu wa Mbagala au Buza, Dar es Salaam, mimi ningeanza na swali jingine: mashine hii itakula wati ngapi, na umeme wenyewe utaifikia ukiwa na hali gani?

Tupige hesabu. Kompyuta inayovuta wati 250 ikiwa kwenye gemu humaliza uniti moja ya Luku kwa saa nne. Ukicheza saa nne kila siku, mwezi unaisha umekula uniti 30. Kama nyumba yenu iko kwenye daraja la D1, lile la bei nafuu lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, gemu peke yake limechukua asilimia 40, na friji bado hatujaihesabu, wala pasi. Nyumba ikitolewa D1, bei ya uniti inapanda kwa kila taa na kila feni, na malalamiko kuhusu kompyuta yatafika kwa mama mwenye nyumba kabla wewe hujaamka.

Ndiyo sababu sizishabikii kadi za AMD za RX 580 za mtumba zinazosifiwa kila siku kwa urahisi wa bei. Ni kadi ya 2017, ina GB 8 za kumbukumbu, na huvuta wati 185. RX 6600 iliyotoka 2021 nayo ina GB 8, huvuta wati 132, na kwenye gemu inaiacha mbali. Halafu nyingi ya hizo 580 za bei ya kutupa ni toleo la 2048SP lililotengenezwa kwa soko la China, limepunguzwa viini vya kuchakata kutoka 2304 hadi 2048, ila kwenye tangazo jina linabaki lile lile.

Kwa mwenye milioni mbili hivi bila skrini (mimi nikisema bajeti ya kati ndiyo hiyo), ningeangalia RX 6600 ya AMD au RTX 4060 ya NVIDIA. Hii ya pili ilitoka 2023 kwa dola 299 na huvuta wati 115 tu, ndogo kuliko taa za zamani mbili za wati 60. Watu watakwambia GB 8 hazitoshi siku hizi. Ni kweli kwa baadhi ya gemu mpya ukiweka kila kitu juu kabisa. Kwa skrini ya 1080p, ukishusha kidogo ubora wa tekstcha (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu), bado utacheza vizuri. Kuna Arc B580 ya Intel yenye GB 12, iliyotoka Desemba 2024 kwa dola 249, na kwa karatasi inavutia sana. Lakini huvuta wati 190, na ukiiweka na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya zamani inapungua nguvu kuliko wenzake. Hiyo niwaachie wenye prosesa na mazabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote) mpya.

Prosesa haina haja ya maneno mengi. Ryzen 5 5600 ya AMD, viini sita, wati 65, soketi (kitako chake kwenye mazabodi) ya AM4, inatosha RX 6600 na RTX 4060. Angalia mambo mawili tu. Haitoi picha bila kadi ya grafiki, kwa hiyo usiinunue leo ukasema kadi utaifuata mwezi ujao. Na mazabodi ya B450 iliyokaa stoo miaka mingi inaweza isiitambue mpaka BIOS yake (programu ya msingi inayoiwasha) isasishwe. Mwambie muuzaji akuwashie palepale. Soketi mpya ya AM5 ina maisha marefu mbele, sikatai, ila inakubali RAM (kumbukumbu ya kazi) za kizazi cha DDR5 peke yake, na RAM ndiyo iliyopaa bei tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vilipogeukia kutengeneza kumbukumbu za kompyuta za akili bandia. Hata DDR4, inayotumika na AM4, imepanda, lakini hiyo angalau unaipata ya mtumba. Chukua vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Vikiwa viwili prosesa inavisoma kwa pamoja, na kwenye gemu tofauti unaiona.

Sasa pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ambayo watu huinunua mwisho kwa chenji iliyobaki. Mbaya zaidi ni ile inayokuja ndani ya kasha, imebandikwa “500W”, na ukiinyanyua ni nyepesi kama boksi tupu. Usisome namba kubwa. Soma lebo ya pembeni, mstari wa volti 12, kwa sababu kadi ya grafiki na prosesa hula karibu kila kitu huko. Zidisha ampea kwa 12. Ukikuta ampea 18, hiyo ni wati 216, na zile 500 ni mapambo. Ya kweli ya wati 500 itakupa karibu zote kwenye mstari huo. Alama ya 80 PLUS inasaidia, ila inapima ufanisi tu. Haikuambii kama itakufa peke yake au itaondoka na mazabodi. Na ukiona kiswichi chekundu cha 115 na 230 kwa nyuma, jua muundo ni wa kizamani. Mtoto akikisogeza kwenye 115 kwa umeme wetu wa volti 230, mtasikia mlio.

Kwetu umeme ukikatika si shida kubwa. Shida iko kwenye namna unavyorudi. Fridge guard, kile kifaa cha kulinda friji, inazuia volti mbaya lakini mashine inazimika hapo hapo, hata kama ulikuwa katikati ya kusasisha Windows. UPS, yenye betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, ni bora, na hapa ndipo wati chache zinapolipa: UPS ndogo ya 650VA mara nyingi hubeba chini ya wati 400 halisi. Mashine yenye 5600 na RTX 4060 inaingia humo pamoja na skrini. Yenye kadi ya wati 300 haiingii, na UPS ya kuibeba ina bei ya kadi nyingine.

Kuna njia ya mkato inayopendwa: kununua kompyuta ya ofisi ya mtumba, kama Dell OptiPlex 9020, kisha kuichomekea kadi. Kwa kazi za shule ni kitu kizuri. Kwa gemu, pawasaplai yake haizidi wati 290, plagi yake kwenye mazabodi ni ya Dell yenyewe yenye pini 8, kwa hiyo huwezi kubadilisha kwa ya kawaida bila adapta, na prosesa ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya Windows 11. Msaada wa Windows 10 ulikwisha Oktoba 14, 2025. Gemu la Valorant ukiwa Windows 11 linadai vipengele vya usalama vya TPM 2.0 na Secure Boot, usipokuwa navyo halifunguki.

Kasha chagua lenye wavu mbele, hasa ukiwa Dar au Tanga kwenye joto. Kioo mbele ni cha kupigia picha tu. Taa za rangi zisikuumize kichwa.

Ukienda Kariakoo kuangalia kadi ya mtumba, beba flashi yenye GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi. Kadi za NVIDIA zilizobadilishwa jina ndani ya BIOS huandikwa neno FAKE mbele ya jina lake. Kisha omba gemu lolote lichezwe dakika ishirini huku unaangalia joto na kusikiliza feni, na ulipe baada ya hapo.